Mkufunzi Aliyekataa Kulipitisha Dodoso

Mkufunzi alikuwa na tabia mbaya ya kukuuliza jambo leo, ukajibu vizuri, kisha baada ya siku kadhaa anakuuliza jambo lilelile kwa uso mkavu, kana kwamba hamjawahi kuonana. Kama hukumbuki ulichojibu mara ya kwanza, umekwisha. Alinifundisha chuoni, akanipa kibarua, akanigombeza hadharani kuliko mama yangu mzazi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwita jina. Wote tulimwita Mkufunzi, hata muuza maharage wa sokoni pale Sumbawanga mjini, hata padri. Siku hizi nasikia watu wakisema alikuwa mkaidi tu, mama wa kupinga kila kitu. Naandika kwa ajili ya hao.

Kwa sura hakuwa na cha kukushtua. Mfupi, sweta la kijani lililofungwa vifungo vyote hata mwezi wa Oktoba jua likiwaka, na viatu vya kiume, kwa sababu alisema waliotengeneza vya kike hawajawahi kuliona tope la Ufipa. Aliongea Kiswahili cha darasani na Kifipa cha shambani, na alijua kipi kinamuuma nani. Wakubwa aliwapa Kiswahili, kimenyooka, bila kupandisha sauti. Sisi wanafunzi tukijidai tumesoma alitugeuzia Kifipa, tukabaki tunatazama chini kama watoto waliokutwa jikoni wanadokoa.

Sokoni walimuogopa. Akipimiwa maharage alisema, "Mwaga. Pima tena." Muuzaji anamwaga, anapima tena, na safari hii kopo linajaa kwa namna nyingine kabisa. Hakugombana na mtu. Alitazama tu, akasema, "Ya pili ndiyo nachukua."

Hata posa hakuiacha salama. Kijana mmoja wa Kasesya, anayehangaika na malori pale mpakani, alikuja kumposa mtoto wa dada yake. Mshenga kaongea, wazee wameridhika, soda zimefunguliwa. Mkufunzi akauliza, "Wewe ukikasirika unafanyaje?" Kijana akajibu, "Mimi sikasiriki, mama." Watu wakacheka. Mwezi uliofuata kijana akarudi na wazee wake kukamilisha mambo, akaulizwa tena swali lilelile mbele ya haohao. Akakuna kichwa, akasema, "Nikikasirika nanuna, mama. Naweza kununa siku mbili."

"Haya," Mkufunzi akasema, "sasa ndiyo umefika. Mkaribisheni."

Wameoana, wana watoto, na mume bado ananuna siku mbili. Mkewe anasema hajali, kwa sababu aliambiwa mapema.

Lakini nisimpambe. Alitufundisha kwamba mtu hahukumiwi kwa jicho, ilhali yeye mwenyewe alikuhukumu kabla hujakaa. Ukiburuta kiti, wewe mvivu. Ukifuta kiti kabla ya kukaa, wewe una maringo. Mimi siku ya kwanza aliniita mropokaji, na sikuwa nimesema neno. Alipokosea hakuomba radhi hata siku moja. Utashangaa tu unaletewa viazi vitamu kwenye mfuko wa rambo, vya moto, anavitua mezani na kuondoka. Nilikula viazi vingi.

Na hili ndilo lililowachanganya wengi: kazi yake ilikuwa kutunga na kupima madodoso, yale makaratasi ambayo mtu anaulizwa yeye ni mtu wa namna gani, naye anajijibia mwenyewe. Lakini ukimpa yeye dodoso ajaze, alikurudishia. "Mimi nitajijuaje? Waulize ninaoishi nao." Kuna mwalimu mwenzake alimwita mnafiki kwa hilo. Mimi nasema huyo mwalimu hakuelewa. Mkufunzi aliamini madodoso kama fundi seremala anavyoamini msumeno. Ndiyo maana hakuvumilia msumeno butu.

Somo lake kubwa alilifundisha kwa mizani. Mimi ni mtoto wa Laela, baba yangu kauza mahindi barabarani maisha yake yote, kwa hiyo siku ile darasani nilikaa mbele. Alisema hivi: mizani nzuri ukiweka gunia asubuhi na ukaliweka tena jioni, inakupa uzito uleule. Huko ndiko kuaminika. Isipofanya hivyo, itupe. "Lakini," akasema, akatembeza macho darasa zima, "mnunuzi mwizi naye ana mizani inayotoa uzito uleule asubuhi na jioni. Uleule wa uongo. Kwa hiyo kuaminika peke yake hakutoshi. Lazima ujiulize pia, je, mizani hii inapima gunia, au inapima shida ya mwenye gunia?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka baba anavyorudi nyumbani amenyamaza baada ya kuuza, nikapandwa na hasira ambayo hadi leo haijaisha vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulikuja mradi wa afya. Siutaji jina, maana mradi wenyewe umekwishabadilisha jina mara kadhaa. Ulitaka kuajiri wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito, kuwahimiza wajawazito waende kliniki na kumkimbiza mgonjwa zahanati. Vijiji vyetu vilikuwa nao tayari wahudumu kama hao, akina mama wengi wao, waliofanya kazi hiyo miaka bila malipo. Sasa malipo yamekuja, na pamoja na malipo likaja dodoso. Lilitungwa ng'ambo, likatafsiriwa Dar es Salaam, na lingeamua nani ana bidii, nani anajiamini, nani mchangamfu. Wa alama za chini wangeachwa, hata kama ndio waliokuwa wakifanya kazi. Mkufunzi alipewa mkataba wa kulijaribu dodoso hilo hapa kwetu na kuweka sahihi kwamba linafaa. Bila sahihi ya mtaalamu mwenyeji, wafadhili wasingelikubali. Alinichukua mimi niwe mmoja wa wadadisi wake.

Tulianzia vijiji vya Mollo, upepo wa Juni unakata masikio. Kila nyumba tulisalimia ipasavyo, tukapiga magoti penye wazee, tukauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mavuno ya ulezi, tukapewa viti na togwa. Ndipo nikafungua makaratasi.

"Huwa nakosa usingizi kwa sababu ya mawazo."

"Hapana kabisa," wakajibu wote.

"Kuna siku najisikia sina nguvu ya kufanya chochote."

"Hapana kabisa. Tunamshukuru Mungu."

"Napenda kukaa peke yangu."

Hapo mama mmoja akanikatiza. "Binti," akasema, "hilo swali limetumwa na nani?" Na kweli, mimi mwenyewe wa hapa, nilipaswa kujua. Nchi nzima inatutania sisi watu wa Sumbawanga kwa uchawi, halafu uende kijijini ukamtake mtu atie alama kwenye karatasi ya serikali kwamba anapenda kukaa peke yake! Anakaa na nani huko? Hakuna aliyekubali. Hata bibi mmoja ambaye, kwa jinsi nilivyomwona, hakuwa ameongea na mtu tangu Pasaka, alisema yeye bila watu hapati usingizi.

Mmoja wa waliokuwa wakifanya kazi hiyo tayari alikuwa mama ambaye nitamwita tu mama wa Mollo. Nilipomsomea, "Mimi ni mtu mwenye bidii," alicheka akaziba mdomo kwa kanga.

"Hilo si la kusema mimi."

"Lazima ujibu mwenyewe, mama."

"Basi andika kiasi."

"Watu wananiamini."

"Mh. Kiasi."

Kila sifa ilikuwa kiasi. Aliyefuata ni kijana aliyekuwa amerudi kutoka mjini, kofia kaigeuza nyuma. "Mambo, dada," akasema. "Niandikie zote za juu, usihangaike kusoma." Nilimsomea zote, na zote akasema ndiyo kabisa.

Baada ya wiki mbili tulirudi na dodoso lilelile, nyumba zilezile, ili tuone kama majibu yatasimama. Hayakusimama. Safari hii hatukuwa wageni. Walituona kwa mbali wakaendelea na kazi, wakatuambia tukae popote. Nikauliza habari ya usingizi, na mama yuleyule aliyemshukuru Mungu akaweka chini ungo. "Usingizi, mwanangu? Tangu mume wangu avuke kwenda Zambia?" Akaeleza mpaka chai ikapoa. Nyumba iliyofuata hivyohivyo. Niliandika na mkono unauma, na moyo pia.

Mkufunzi hakuishia hapo. Aliacha dodoso pembeni, akapita nyumba hata hizo ambazo hatukuzidodosa, akiuliza swali lake mwenyewe: "Mtoto wako akishikwa na degedege alfajiri, unamkimbilia nani?" Mollo nzima ilimtaja mama wa Mollo. Walisema hata hamalizi kuulizwa, anakuwa ameshavaa. Kwenye dodoso mama huyo alikuwa mkiani kabisa. Kijana wa kofia ndiye aliyeongoza, na siku hiyo hatukumpata, alikuwa Tunduma.

Meneja wa mradi alitupokea ofisini mjini kwa heshima zote. Kijana mpole, ana shahada zake. "Shikamoo, Mkufunzi," akasema, akamsogezea karatasi ya kuweka sahihi.

"Marahaba. Limeshindwa."

Meneja akatabasamu. "Niliona majibu ya mara ya pili. Tatizo ni wananchi wetu, hawajitambui. Leo hivi, kesho vile."

Nilimwona Mkufunzi anavua miwani. Aliivua miwani pale tu alipokusudia mtu asiisahau siku hiyo.

"Baba," akasema, "ukipiga hodi kwa mtu ukasikia 'karibu, sisi wazima,' utaandika kwamba nyumba haina mgonjwa? Mara ya kwanza walitusalimia. Mara ya pili ndiyo wakaanza kujibu. Wewe umechukua salamu ukaipa alama. Kisha umemuuliza mwanamke wa Kifipa ajisifu mbele ya mgeni, na alipoona aibu ukasema hana bidii. Wananchi wanajitambua vizuri sana. Karatasi yako ndiyo haiwatambui."

"Lakini limetumika nchi nyingi, Mkufunzi."

"Kalitumie huko. Au nipe muda nitunge maswali mengine, tuwaulize na majirani. Naweza kukutengenezea linalofaa, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Muda hatuna. Wafadhili wanasubiri sahihi tu."

"Waambie mwenye sahihi amekataa."

Jioni ileile aliandika ripoti, akaipeleka kwa mkono wake. Ilisema dodoso limejaribiwa Ufipa, halikuaminika, na wala halikupima lilichodai kupima. Mkataba ukaisha hapohapo, wake na wangu. Chuoni nako akaitwa, akaambiwa anaharibu uhusiano na wadau. Tangu hapo hadi anastaafu alipangiwa vipindi vya asubuhi kabisa, katika lile darasa lenye madirisha yasiyo na vioo. Alianza kufika mapema kuliko ratiba inavyotaka. Wanafunzi walimkuta ameshaandika ubao mzima, amekunja mikono ndani ya sweta, anawasubiri wao.

Mimi nilimkasirikia. Niliona ameikata riziki yangu kwa ajili ya swali la usingizi. Nilimwambia hivyo kwake, amekaa anachambua ulezi, na yeye akaniuliza kitu kimoja tu: "Yule mama wa Mollo ungempa kiasi?" Nikaondoka bila kuaga vizuri, na viazi havikuja, kwa sababu safari hii hakuona kwamba amekosea.

Miaka ikapita. Mradi ukaondoka, ukarudi na jina jingine na maafisa wengine. Nilipata kazi humo, mratibu wa mafunzo wa wilaya. Niliichukua kwa sababu ilikuwa kazi na nina watoto, na sitaki mtu anihubirie. Niliambiwa nitaandaa ukumbi, kalamu na chai kwa ajili ya usaili wa wahudumu wapya. Kitakachojazwa kingekuja na afisa kutoka makao makuu.

Asubuhi hiyo ukumbi wa parokia ulijaa. Wengi walikuwa akina mama kutoka vijijini, wamefika na malori ya mahindi na bodaboda. Mama wa Mollo alikuwepo, nywele zimeanza mvi. Aliachwa ile mara ya kwanza, maana dodoso lilitumika hata bila sahihi, sijui waliwaambiaje wafadhili; sasa amekuja kujaribu tena. Na aliyemsindikiza, ameketi benchi la nyuma karibu na mlango, na fimbo kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, alikuwa Mkufunzi. Alikuwa amehamia Mollo baada ya kustaafu, jirani na shamba la mama huyo. Nilikwenda nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama viatu.

Tukagawa makaratasi. Nikafunua moja. Lilikuwa dodoso lilelile. Swali la usingizi lipo, la bidii lipo, la kukaa peke yako lipo. Ukurasa wa mbele ulikuwa mpya, na afisa akausoma kwa sauti ili watu watulie: "Msiwe na wasiwasi, akina mama. Dodoso hili limejaribiwa hapahapa Ufipa na mtaalamu mwenyeji." Akalitaja na jina lake, jina zima, ambalo mimi sikuwahi kulitamka.

Walikuwa wamechukua nusu ya sentensi yake. Limejaribiwa, kweli. Kwamba lilishindwa, hawakuandika.

Nyuma fimbo ikagonga sakafu. Mkufunzi alisimama taratibu, akishika benchi.

"Huyo uliyemtaja ni mimi," akasema.

Afisa akafurahi kweli. "Oh, mama! Karibu sana. Akina mama, mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Akayaacha yaishe.

"Soma na sehemu iliyobaki."

"Ipi, mama?"

"Nililijaribu. Likashindwa. Niliandika yote mawili kwenye mstari mmoja. Soma na la pili."

Afisa akageuza karatasi nyuma, kana kwamba angeikuta huko. "Mama, labda tukae kwanza, tutazungumza wakati wa chai."

"Nitakaa ukishasoma."

"Mama, tafadhali, miguu yako..."

"Miguu yangu haikuhusu. Jina langu ndilo linalokuhusu, umelileta hapa uwadanganyie nalo hawa." Akahamia Kifipa, akawaeleza akina mama yote aliyoyaeleza zamani ofisini, kwa maneno ya shambani, mpaka waliokuwa wameanza kujaza wakasimamisha kalamu.

Afisa akanigeukia. "Dada mratibu, msaidie mama akae."

Nilikuwa nimeshika boksi la kalamu. Niliwafikiria wanangu, na ada yao, na jinsi nilivyoipata kazi ile kwa tabu. Nikaliweka boksi chini, nikapita katikati ya mabenchi hadi mlangoni, nikasimama kando yake.

"Mimi nilikuwa mdadisi wake," nikasema. "Lilishindwa. Nilikuwepo."

Mama wa Mollo akanyoosha kidole kama mtoto wa shule. "Sasa sisi tujaze au tusijaze?"

"Usijaze," Mkufunzi akasema.

Mama wa Mollo akalilaza dodoso kifudifudi juu ya mapaja. Wa pembeni yake akafanya hivyo. Benchi la nyuma lote likafanya hivyo, kisha mengine. Afisa akatangaza chai, na chai ilikuwa haijachemka.

Siku ile hakupimwa mtu. Walipopanga siku nyingine hawakuniita, wala sikutegemea waniite. Kazi yangu iliishia pale. Mama wa Mollo hadi leo hana cheo wala malipo, na mtoto wa mtu akishikwa na degedege, bado ni yeye anayegongewa mlango. Hilo linaniudhi ninapoliandika, na nataka liwaudhi wengine.

Nilimfuata Mkufunzi shambani Mollo kumpelekea habari, maana rafiki yangu wa ofisini alikuwa amenionyesha dodoso lililotumika siku hiyo nyingine. Nilimkuta anapalilia maharage ameketi kwenye kigoda, anakisogeza kadiri anavyomaliza sehemu. Nikamwambia wameung'oa ukurasa wa mbele. Jina lake halimo tena, wala lile neno kwamba limejaribiwa Ufipa.

Hakuinua kichwa. Aling'oa gugu, akalikung'uta udongo, akalitupa pembeni.

"Bado kurasa nyingine," akasema.